Nilibebwa Nikiwa Mzima

"Aliyekubeba, wewe unamlipa nini?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, viatu vyake vya plastiki vimejaa udongo mwekundu wa mlimani. Nilikuwa na shahada ya uchumi, kalamu mbili na fomu ndefu yenye maswali yangu mwenyewe. Nikamwambia aketi kwenye benchi asubiri.

Ilikuwa mwaka 1992, mtaa wa Gikondo, pembeni mwa mji mkuu wetu. Chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa na vyumba vitatu katikati ya gereji na maghala, na wanachama wake walikuwa makanika, wauza mkaa, mafundi cherehani kama baba yangu, walimu wa shule za msingi. Kila mwaka mkutano mkuu ulitenga sehemu ya ziada kwa ajili ya kazi za mtaa: bomba la maji, paa la darasa, au kikundi kilichotaka kuanzisha shughuli ambayo faida yake ingewarudia wakazi wote. Mimi niliajiriwa kuyasoma maombi hayo na kuandika kama yanafaa. Mengi niliyaona ndoto tu. Nilidhani kazi yangu ni kuwaamsha watu.

Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha machela. Milima ya kwetu ilikuwa na vikundi hivyo tangu zamani. Ingobyi ni kikapu kirefu cha kufumwa, kimefungwa kwenye miti miwili, na ndiyo machela inayomteremsha mgonjwa kutoka mahali gari lisipofika. Kaya zinajiunga. Mtu akiugua, wanaume wanne wanatia mabega, wengine wanafuata nyuma ili kuwapokea wakichoka. Asiyefika kwenye zamu yake anatozwa pombe ya mtama.

Kikundi chake kiliomba mashine ya kusaga. Watu wangesaga mtama na muhogo wao hukohuko juu, na faida ingemweka dereva mmoja mwenye pikapu awe tayari wakati wowote. Maana kuteremka hakukuwa tatizo, alinieleza. Tatizo lilikuwa barabarani. Walimfikisha mgonjwa chini upesi, kisha wakakaa naye kwenye majani, wakipungia magari yasiyosimama. Mkaza mwanawe alipoteza mtoto hapohapo kando ya barabara mwaka uliotangulia. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba.

Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya mkutano. "Tuna miezi miwili, binti yangu."

"Na bila faini ya pombe, nani atabeba?" nikauliza.

"Watabeba."

"Na mgonjwa ambaye si mwanachama?"

"Anabebwa."

"Bure?"

"Anabebwa," akarudia, taratibu, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na shida ya masikio.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kitu cha wote kinamsubiri mwingine akitunze. Niliona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda: mashine itasaga mwaka mmoja, faida italiwa, dereva atachoka kudai, na machela itaoza darini. Nikaenda kwa meneja na kumweleza hayo yote kwa mpangilio mzuri. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, mwenye sweta moja la kijivu kwa misimu yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Usiandike kitu kwanza," akasema. "Panda ukaone wanavyobeba."

Nilipanda Jumanne asubuhi. Nyumbani kwa mwenyekiti nilimkuta mkaza mwanawe ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anachambua maharage kwenye ungo ulioegemea tumbo lake. Alikuwa na umri kama wangu. Alitazama viatu vyangu vya ofisini, akacheka bila kujificha, akanisogezea kigoda. Wanaume wanne wa kikundi walikuwa wameshaitwa. Machela ilining'inia chini ya paa, safi, imefukizwa moshi ili isiliwe na wadudu.

"Leo hakuna mgonjwa," mwenyekiti akasema.

"Basi nitaona nini?"

"Ingia."

Nilidhani anatania. Wanaume wale wanne hawakudhani hivyo. Mmoja alikuwa ameshatandika blanketi.

"Ingia, msomi," akasema yule wa blanketi. "Tupime kama wewe ni mzito kuliko maswali yako."

Nikaingia, kwa ukaidi tu. Wakaninyanyua, na mlima wote ukainama chini yangu. Kwa hatua kama hamsini walikuwa wakicheka, nami nikicheka nao. Kisha njia ikapinda kwenye migomba, tukakutana na wanaume watatu waliokuwa wanatoka shambani. Hawakuuliza kitu. Waliweka majembe chini, wakaingia chini ya miti ya machela, na watatu kati ya wabebaji wangu wakatoka. Mbele kidogo wa nne naye akapokewa. Kufumba na kufumbua nilikuwa mikononi mwa watu wasiojua kwamba ni mchezo, na waliojua walikuwa nyuma sana, wanahema.

"Jamani, mimi ni mzima!" nikapiga kelele. "Niteremsheni! Siumwi!"

"Anaweweseka," mmoja akasema, akiongeza mwendo.

"Homa imempanda kichwani. Kaza, ndugu, kaza!"

Nilipojaribu kuinuka, mkono wa mwanamke ukanirudisha chini kwa upole na kubaki kwenye paji la uso wangu. "Ihangane," akaninong'oneza, vumilia, kama unavyomwambia mtoto. Sikumjua. Alikimbia kando ya machela mguu peku, kitenge chake amekishika kwa mkono mmoja. Mwingine akafungua mwavuli juu ya uso wangu kuzuia jua. Nyuma nilisikia miguu mingi. Mwaka ule vijana walikuwa wameanza kupigana barabarani kwa sababu ya kofia za vyama vya siasa, na chini ya miti yangu niliona kofia mbili za rangi zisizopatana, moja mbele kushoto, nyingine mbele kulia, zikipanda na kushuka kwa hatua moja. Waliongea tu kuhusu mahali penye mawe.

Karibu na gereji ya kwanza makanika mmoja alitoka chini ya gari akiwa na mafuta hadi viwikoni na kuchukua nafasi ya mtu aliyeteguka mguu. Nilinyamaza. Kelele zangu zilikuwa zinawatia hofu, na nilianza kuona aibu ambayo sikuwahi kuisoma popote.

Barabarani mtu alikuwa ameshakimbia mbele kusimamisha gari. Magari mawili yalipita. La tatu lilikuwa pikapu ya mkaa, na dereva alikuwa anashusha magunia ili nipate pa kulala. Ndipo walipoiweka machela chini, nami nikaketi.

Waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua moja.

"Amefufuka," akasema mwenye kofia ya kushoto.

"Mimi ni wa ofisi ya akiba na mikopo," nikasema. "Nilikuja kukagua."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na unga wa ngano hadi kwenye nyusi akapiga makofi ya hasira. "Kukagua! Mandazi yangu yako kwenye mafuta tangu kule juu! Yameshakuwa mkaa, muuzieni huyu dereva ayachanganye na magunia yake!"

Dereva akaanza kucheka, wakacheka wote, hata yeye mwenyewe mwishowe. Yule aliyenishika paji la uso hakucheka. Aliketi chini kwenye majani, akashusha pumzi, akasema, "Afadhali." Neno hilo tu. Mwenyekiti alifika wa mwisho, taratibu, viatu mkononi. Alikuwa ametuona tangu kwenye migomba na hakuwa amemwita mtu hata mmoja asimame.

Nilihukumiwa palepale: kreti ya pombe kwa kuwapotezea wabebaji muda, na mandazi ya kulipa. Nikawaambia kwetu ni Waislamu, baba hatanielewa nikionekana nabeba pombe. Wakashauriana kwa uzito mkubwa, wakakubali soda.

Jioni ile niliandika kurasa nne. Nilifuta hoja zangu karibu zote, nikapendekeza mashine itolewe haraka. Meneja alizipokea, akazisoma akiwa amesimama, akaziweka kwenye faili. Siku nane baadaye mashine ilifika ofisini ikiwa kwenye lori. Nilitembea kwa kujivuna wiki nzima. Niliwaambia baba na mama, na rafiki zangu wawili wa chuo, kwamba ni maandishi yangu yaliyoipandisha mashine ile mlimani.

Mkaza mwana wa mwenyekiti alishikwa na uchungu alasiri ya mvua, kabla mashine haijamaliza mwezi. Niliiona machela ikipita mbele ya dirisha letu. Niliiacha kaunta na watu wakiwa kwenye foleni, nikatoka na mwavuli wa ofisi. Wanaume hawakuniruhusu kutia bega, kwa hiyo nilikimbia kando nikiufunika uso wake. Alinitambua. Alikuwa anauma kona ya kitenge, na bado alitazama viatu vyangu. Pikapu ilikuwa inatusubiri, injini inanguruma, na kwenye kizuizi cha askari dereva alieleza mara moja tu, wakatupisha. Alijifungua mtoto wa kike kabla ya magharibi, kwenye kitanda, akiwa na mkunga.

Miaka kadhaa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, chama chetu kilifunguliwa tena kwenye jengo lilelile, na mlinzi wa zamani alileta sanduku la mafaili aliyokuwa ameyafukia nyuma ya nyumba yake. Meneja hakuwa miongoni mwa waliorudi. Nilitafuta faili la machela kwa sababu nilitaka kuziona kurasa zangu nne. Zilikuwepo, zimeliwa pembeni na unyevu. Chini yake kulikuwa na karatasi ya idhini ya mashine, yenye saini ya meneja na za wanakamati wawili. Iliandikwa siku ya Ijumaa, siku nne kabla ya Jumanne niliyobebwa.