Kijiko cha Kuonjea Ndoo

Siku yangu ya kwanza kazini katika milima ya Ileje, Bwana Misitu wa wilaya alinikabidhi vitu vitatu: filimbi, daftari na kijiko cha bati. Filimbi na daftari nilijua kazi zake. Kijiko nilidhani ni cha chakula changu.

"Wapanda milima watakuja na chupa, na chupa utaziona," aliniambia. "Kinachoharibu kambi ni kile kinachokuja kwenye ndoo. Kila ndoo ikiingia, onja wewe kwanza, ndipo mgeni anywe."

"Mzee, mimi ni mama wa kanisa. Pombe haigusi mdomo wangu."

"Sijakwambia unywe. Onja, tema."

Niliitikia, maana mkubwa habishiwi siku ya kwanza. Kijiko nikakitumia kulia maharage miaka mingi. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo, msinicheke bado.

Kambi ya wapanda milima huendeshwa kwa hesabu ya vichwa. Unahesabu watu wakipanda, unahesabu wakirudi, na namba mbili zisipolingana hulali. Chupa zote zinawekwa stoo zikiwa na jina la mwenyewe, na hazitoki mpaka hesabu ya mwisho ya jioni. Jiko la mkaa haliingii hemani hata baridi iume vipi, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Nilikuwa mkali. Nilishatoa konyagi ndani ya soksi na ndani ya mkate uliotobolewa.

Ukali huo niliupata Nanyala, kwenye kizuizi cha mazao ya misitu kando ya barabara kuu, nilikohamishiwa kukagua mbao na mkaa. Mkuu wa kizuizi alikuwa akisema, "Anayeficha kitu hakitazami alipokificha." Nikapelekwa Mkwajuni, ambako vijana wa machimbo waliniita Mama Pua. Niliporudishwa Ileje kuwa msimamizi wa kambi, nilijiona najua kila kitu. Kiburi hicho ndicho kilichonipofusha.

Mwaka ule wageni walikuwa wengi kuliko kawaida, na kambi ilikuwa ya siku tatu. Mama mmoja wa kijijini, jirani yangu, alituletea ndoo mbili za togwa ya ulezi, tamu, ya kuwapa wageni nguvu. Ndoo moja iliisha siku hiyo hiyo. Ya pili ilibaki jikoni, imefunikwa, karibu na moto. Mimi ni mtoto wa huku. Nimekua naona togwa iliyolala ikigeuka pombe, na kimea hakihitaji mwalimu. Lakini siku ya tatu mpishi alipouliza kama wageni wanywe kabla ya kupanda, niliinusa tu, nikasema, "Togwa hiyo, wape." Kijiko kilikuwa mfukoni.

Walipanda watu arobaini na wawili. Saa tisa ukungu ukashuka, nikapiga filimbi ya kuwarudisha. Walirudi wakiimba, wengine wameshikana mabega.

"Mmekunywa nini?" niliuliza.

"Mama, hatujalewa, tumechangamka tu!" kijana mmoja akajibu, na wenzake wakacheka.

Nikahesabu. Arobaini na mmoja. Nikahesabu tena, nikiita majina ya daftarini. Aliyekosekana alikuwa Neema, mwalimu kutoka Vwawa, ndiyo kwanza apande mlima maishani mwake. Nilikwenda jikoni, nikachovya kijiko kwenye mabaki ya ndoo, nikaonja. Ulimi uliwaka. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Nilipanda na askari wa msitu mmoja na kamba. Ukungu ulikuwa mzito, tukawa tunafuata alama za viatu kwenye tope. Zilitoka njiani, zikaelekea upande wa genge linalotazama bonde la Mto Songwe. Tulimkuta amekaa ukingoni kabisa, amevua viatu, miguu inaning'inia hewani, kichwa kinasinzia. Askari akashika filimbi. Nikamzuia mkono, kwa sababu mtu akishtuka pale anakwenda.

Nilijifunga kamba kiunoni, askari akashika ncha nyingine, nikatambaa kwa tumbo. Nilikuwa naomba, na sala yenyewe haikuwa na mpangilio.

"Neema, mwanangu," nikanong'ona.

"Mama, niache nilale kidogo."

"Utalala. Nipe mkono kwanza, twende hemani."

Alicheka, akainama mbele kutafuta viatu. Nikamrukia, nikamshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili. Kiatu kimoja kilianguka. Sikukisikia kikifika chini.

Usiku huo niliandika taarifa mwenyewe. Meneja wa hifadhi aliisoma mara mbili.

"Ndoo aliiruhusu nani?"

"Mimi."

"Uliionja?"

"Hapana, mkuu."

Alinipa barua ya onyo. Ningekuwa yeye, ningemfukuza mtu kama mimi.

Tangu hapo nilionja kila ndoo, mbele ya watu wote, nikatema. Na kwa kuwa kijiji hakina siri, habari zikafika kwa wazee wa kanisa kwamba mama yule sasa anaonja pombe hadharani. Nilieleza. Wakasema kugusa ni kugusa. Wakanitenga na meza ya Bwana mpaka niache.

"Unaacha?" mchungaji aliniuliza.

"Nikiacha, nani ataonja?"

Miaka sita nilikaa benchi la nyuma wenzangu wakienda mezani. Iliniuma, sitawadanganya. Kuna Jumapili nilitoka kabla ya wimbo ili nisionekane nikilia. Jumatatu nilirudi kambini na kijiko changu.

Mwaka juzi nilistaafu. Kijiko nilimkabidhi binti aliyeshika nafasi yangu, nikamwambia, "Hiki si cha maharage." Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa zima ili nirudishwe kundini.

"Mama, unatubu?"

"Natubu," nilisema, "siku ile moja ambayo sikuonja."

Mchungaji akanisogezea kikombe cha meza ya Bwana.