Nilitapika Saa Ngapi

Shule niliiacha mapema, lakini uzeeni nimetahiniwa mtihani mmoja mgumu, wenye swali moja tu: ulitapika saa ngapi?

Ilikuwa Ramadhani. Pale Malindi ya Unguja, mimi na mwenzangu tunavunja vyuma chakavu, tukapata kisanduku kizito kuliko umbo lake. Mimi nikakibana kwa magoti, yeye akapiga patasi mpaka ganda la nje likaachia. Mtu wa bandarini akapita, akaona kibandiko cha manjano ubavuni mwake, akarudi nyuma mbio na simu sikioni. Kufika alasiri tumeshaoshwa, tumelazwa chumba kimoja, nguo zetu zimetiwa mifukoni kama za maiti.

Daktari, mwanamke mpole kutoka Dar, akatueleza. Kidude kile ni cha kupigia picha mabomba ya chuma, kina mionzi, na mionzi haionekani wala hainuki. Aliyepigwa sana hutapika mapema, ndani ya saa moja, na huyo hali yake ni ya kuogopewa. Anayechelewa, au asiyetapika kabisa, ana tamaa ya kuishi. Halafu hupimwa damu kila baada ya saa chache, kuangalia chembe nyeupe zinavyopungua.

Marehemu mama, kule Mkokotoni, alikuwa na kipimo chake: mgonjwa akiuliza kumepikwa nini, atapona. Alikosea mara mbili tu, na mmoja alikuwa baba. Lakini hayo tuyaache.

Mwenzangu akasema hakutapika. Akasema pia, bila ya kuulizwa, kwamba mimi nimetapika, haikupita nusu saa baada ya kisanduku. Daktari akaandika, kalamu ikasita. Mke wangu, amekaa kando ya kitanda, akaanza kulia na kunitaka radhi. Akayataja makosa yake moja moja, na mengine mimi nilikuwa siyajui.

Sasa niseme kweli. Kabla ya kukishika kile kisanduku nilikuwa nyuma ya mapipa, nala pweza aliyebaki kwenye futari ya jana. Alikuwa ameshachacha. Nilimnusa, nikala hivyo hivyo. Nikinyamaza, nitakufa na sifa: watu watasema kafa kafunga, na hiyo ni daraja kubwa. Nikisema, daktari atapiga hesabu yake sawa, na mke wangu atapiga yake. Niliwaza sana. Alipofikia kosa la tano nikaona hapana, huyu nitamjua kupita kiasi.

"Daktari," nikasema, "mie nlikuwa nshakula."

"Umekula nini?"

"Pweza. Kachacha. Adhuhuri."

Mwenzangu akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari akakata alichoandika. Akasema afadhali, sasa hajui, na kutojua kuna nafuu yake, tungoje damu.

Mke wangu machozi yakamkauka papo hapo. "Zile radhi nlizokutaka," akasema, "nimezirejesha."

Siku mbili tukatobolewa mikono. Siku ya tatu daktari akasema chembe zetu sote wawili hazikushuka, ganda la ndani halikuwa limefunguka. Mke wangu ndiye aliyeambiwa mwanzo. Akaja akasimama miguuni pa kitanda, uso haukunjuki.

"Wasema utaishi," akasema. "Basi Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, siku yako utailipa. Na mimi nitafunga nawe, nikutazame kutwa."