Kupeleka Sifa Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chaki. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, nikaripoti katika shule moja ya msingi si mbali na Ushirombo, miaka michache baada ya uhuru. Mwalimu Mkuu alinitazama miguuni kwanza. Akaniuliza kama nina viatu vya kutembelea, nikasema ninavyo hivi tu, akasema basi vitaharibika. Jua lilipopungua tukatoka, tukazunguka kaya za wanafunzi wa darasa langu hadi nyayo zikaniwaka moto.

Kaya nyingi tulizopita zilikuwa za Wasukuma, na kila moja ilikuwa na shikome, yaani moto wa jioni karibu na zizi, ambapo wanaume hukaa na vijana wao kuwafunza mambo ya maisha. Mwalimu Mkuu alijua kukaa pale. Hakufika na habari za shule mdomoni. Aliwaamkia wazee, "Mwadila," akauliza hali ya ng'ombe na ya mihogo, akapewa kigoda, akasikiliza. Habari za shule zilikuja baadaye kabisa, tena zikiulizwa na wao.

Tuliporudi alinipa kanuni yake moja. "Mtoto akikosea, malizaneni faragha, wewe na mzazi wake," aliniambia. "Akifanya jema, usimsifu mstarini tu. Mpeleke kwao ukamsifu majirani wakisikia."

Sisi walimu wa shule ile desturi hiyo tuliiita kupeleka sifa. Mwalimu wa zamu, ndiye mwenye kusimamia shule nzima kwa juma lake, alikuwa na kazi ya kutazama usafi, mahudhurio na tabia, na kama kuna mtoto aliyefanya jambo la maana, jioni alimsindikiza nyumbani. Nakumbuka nilimpeleka mmoja aliyeokota jembe la watu njiani akalileta shule badala ya kulificha. Nilisimulia yote pale kwenye shikome. Baba mtu alikohoa, akatazama chini, kisha akaagiza niletewe maziwa. Mtoto alikuwa amekaa wima hata shingo ikawa ndefu. Tangu hapo sikuwahi kuhangaika naye kwa lolote, na wadogo zake wawili nao walikuja shule wakiwa wamenyooka vilevile.

Ninyi mnaoingia kazini sasa mnafikiri tabia njema ni somo, mnaliandikia andalio, mnalifundisha kipindi cha pili, basi. Tulikuwa tunawafundisha watoto robo tu. Robo tatu zilikuwa kule kwenye moto, na sisi kazi yetu ilikuwa kuhakikisha maneno ya huku na ya kule hayapishani.

Baadaye Afisa Elimu wa Wilaya akanihamishia Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mtu wa filimbi na saa, hodari wa kazi, mwenye ulimi mkali. Alinicheka nilipomuuliza habari za kutembelea kaya. Alisema kaya ziko wapi, hapa kuna vibanda vya maturubai, na wazazi wamo ardhini. Alisema kweli. Akina baba walishinda ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na akina mama walitwanga mawe au kuuza uji. Watu walikuwa wametoka kila upande, jirani hamjui jirani. Moto wa jioni ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kupikia tu.

Hata hivyo niliendelea na desturi yangu. Wenzangu walinitania kwamba Mwalimu anatafuta maziwa mahali pasipo na ng'ombe.

Katika darasa la sita nilikuwa na binti aitwaye Kabula, mtoto wa mchimbaji mmoja tuliyemwita Baba Kabula. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hesabu, kiranja wa usafi. Nilikuwa nimekwishamwambia mama yake kwamba huyu akimaliza la saba atakwenda sekondari, na mama akaanza kumpunguzia kazi jioni ili asome. Asubuhi moja, mimi nikiwa zamu, Kabula alinijia na kifundo cha kitambaa alichokiokota njiani. Ndani mlikuwa na punje za dhahabu. Alinikabidhi mkononi, akaenda kuchukua ufagio wake.

Kabla ya adhuhuri mwenyewe alipatikana, mchimbaji wa duara jingine. Alikuwa analia barabarani mtu mzima yule, akieleza kitambaa na fundo lake kabla hatujamwonyesha. Tukampa. Moyo wangu ulijaa, sifichi. Jioni nikamshika Kabula mkono tukaenda kwao.

Baba yake alikuwa amekaa nje na wenzake wa duara, wamechoka, vumbi hadi kwenye kope. Niliamkia, nikaketi juu ya ndoo, nikasimulia kama nilivyofundishwa, kwa sauti ya kusikika. Nilipomaliza hakuna aliyekohoa. Mmoja wao akaanza kucheka polepole. Akasema miezi yote hii tunachimba udongo mtupu, kumbe bahati imeingia nyumbani kwa mwenzetu, naye ameipeleka shule. Wengine wakacheka. Mwingine hakucheka, alisema mtu aliyekataa bahati hafai kushuka nao shimoni.

Baba Kabula alingoja wenzake waondoke. Kisha akaniambia kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma hadi leo, "Umemfundisha vizuri, Mwalimu. Sasa umlishe wewe."

Kesho yake Kabula hakuja. Nilimkuta mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, ametiwa kwenye kazi ya kutwanga. Mwalimu Mkuu, ambaye nilidhani atanicheka tena, hakucheka hata kidogo. Aliitisha Kamati ya Shule siku hiyohiyo. Lakini mwenyekiti wa kamati naye alikuwa na duara lake, na kila mjumbe alijikuna kichwa. Walikubaliana baba aitwe aonywe. Walipofuata kibanda, turubai limekwishang'olewa. Familia ilikuwa imehamia machimbo mengine, hakuna aliyejua yapi. Daftari zake zilibaki kabatini kwangu mpaka mchwa wakazimaliza.

Wapo waliosema nilikosea, kwamba ningemaliza jambo lile kimyakimya shuleni. Sikubali. Mtoto akitenda haki halafu tukamficha kama mwizi, tumemfundisha nini? Ninachojutia ni kwamba siku ile nilikuwa peke yangu. Wale wa kunijibu kwa kikohozi na kikombe cha maziwa hawakuwepo, na sisi sote, shule na wazazi na serikali ya kijiji, tuliacha wazee kama wale watutoke tukitazama madini na vijiji vipya vya ujamaa. Nilifundisha miaka mingi baadaye, nikahamishwa mara kadhaa, sikupeleka sifa tena.

Nilipokwisha kustaafu nilikwenda hospitali ya Kolandoto kwa ajili ya macho. Kwenye benchi mama mmoja akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba bila kumjua, ndipo akajitaja. Kabula. Mikono yake ilikuwa imekakamaa kama ya mwanamume. Alikuwa na binti yake wa miaka kama kumi, mwembamba vilevile.

Tukiwa tunaongea, yule mtoto akaokota saa ya mkononi chini ya benchi. Akamwonyesha mama yake, akauliza aipeleke kwa nani. Kabula aliitazama saa ile. Alinigeukia mimi.

"Mwambie wewe, Mwalimu. Mimi nilishapeleka."

 Nikamwambia mtoto ampe nesi pale dirishani. Akaenda mbio, akampa, akarudi anatabasamu, shingo ndefu. Kabula alimfuta vumbi begani, akanisogelea karibu ili mwanawe asisikie.

"Asante. Ila tafadhali, Mwalimu, usije nyumbani kumsifu. Baba yake asijue."

Nami nilikuwa nimekwishafungua mdomo kumuuliza wanakaa kijiji gani.