Safu ya Wasiojua

Pwacha. Pwacha. Pwacha.

Ni mlio wa mpira uliojaa maji, ukipita uani baina ya jiko na mlango. Rehema Amisi anakaribia miaka arobaini sasa, na ukimwuliza vita ilikuwa na sauti gani, hatakutajia risasi. Atakutajia bote, vile viatu virefu vya mpira, zikikanyaga tope la mtaa wa Mikelenge mchana kweupe.

Mwaka ule mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umezungukwa. Ndani ya mji walikuwa waasi, nje porini walikuwa wanamgambo wa Mai-Mai, na raia walikuwa katikati. Treni ilikuwa imekufa. Babake Rehema, mtu wa reli, alikuwa bado akivaa kofia yake ya kazi kila asubuhi, akakaa nayo kibarazani kumsubiri mtu wa kumwambia avue. Mpunga uliivia shambani ukaliwa na ndege, kwa kuwa aliyekwenda kuuvuna hakurudi. Na wenye silaha, wa huku na wa kule, walipita nyumba kwa nyumba na swali moja: nyinyi ni wa nani?

Mamake Rehema aliwafundisha watoto wake namna ya kujibu kama wengine wanavyofundisha watoto kuogelea.

"Usiangalie uso," alisema, kwa Kiswahili cha Kindu ambamo ndio husemwa njo. "Uso wa mutu mwenye bunduki njo ule ule. Angalia miguu. Mwenye bote ni wa mji, mwenye miguu mitupu ni wa pori. Na sikiliza: jina anatanguliza njo lake. Ushike ile, umurudishie."

Kindu nzima ilijua hivyo. Mtu alirudishiwa jina lake mwenyewe kama anavyorudishiwa kikombe alichoazimisha, kimeoshwa, kwa mikono miwili, na tabasamu juu. Aliyeondoka na jibu hilo alidhani anapendwa.

Siku moja walikuja watatu. Rehema alikuwa na miaka kumi na sita, amesimama mlangoni na kinu. Aliangalia chini akaona bote. Mmoja akauliza, "Muko wa mji ao wa pori?" Mji ulitangulia. Rehema akajibu upesi, kama mwanafunzi anayejua somo lake, "Wa mji, papa."

Wakacheka. Walikuwa wa pori. Bote walikuwa wamezivua kwa maiti kwenye njia ya Kalima, na swali walikuwa wamelipanga hivyo makusudi. Walimchukua kaka yake, Ramazani, awabebee mizigo, na Ramazani hajarudi mpaka leo. Mamake hakumpiga Rehema. Alifanya baya kuliko hilo: kila chumvi ilipopungua, kila paa lilipovuja, alisema maneno mawili tu bila kugeuka. "Mudomo wako."

Labda ndiyo sababu Rehema alipenda hesabu. Hesabu haikuwa na miguu ya kuangaliwa. Vita ilipokwisha alisoma, akawa mwalimu katika shule moja ya mtaa wa Kasuku, na wanafunzi wakamwita Mwalimu Kavu, kwa kuwa hakucheka na aliyekosea wala hakumsifu aliyepata. Redio ya mjini ilianza kumwita kueleza takwimu: bei, chanjo, mahudhurio ya shule. Alizieleza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Watu hawakumpenda, lakini waliposikia ni yeye, walinyamaza wasikilize. Hakuwa na kitu kingine mjini. Nyumba ilikuwa ya mamake, mume alikuwa ameondoka. Alikuwa na hilo: akisema tarakimu ni sawa, basi ni sawa.

Kisha ukaja mchujo.

Vyama vitatu vya upinzani vilikuwa vimekubaliana kusimamisha mgombea mmoja wa urais. Walikuwepo watatu waliotaka: Kabasele, Lukusa na Misenga. Ili wasiuane, wakaamua kufanya sondaji, yaani kuwauliza watu maoni yao, mkoa kwa mkoa. Anayeongoza mkoa anachukua kura ya mkoa huo kwenye mkutano mkuu Kinshasa. Na kila mkoa uwe na msomaji mmoja, wa kuandika ukurasa mmoja wa tafsiri: tarakimu hizi zina maana gani. Bila sahihi ya msomaji, matokeo ya mkoa hayaingii.

Maniema, mkoa ambao Kindu ndiyo makao yake makuu, walimchagua Rehema, kwa kuwa kambi zote tatu zilimchukia sawasawa.

Barabara ya Lubutu ilikuwa imekatika kwa mvua, basi ikaamuliwa kwamba Kindu itausemea mkoa mzima. Nyumba mia sita, siku sita, wauliza maswali kumi na wanane, wengi wao wasichana waliozaliwa baada ya vita. Mkubwa wao alikuwa Elodie, mwenye miaka ishirini na miwili, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Mratibu alikuwa Florentin, mtu wa Lubumbashi, mwema kwa namna ya kuchosha, aliyemwita kila mtu ndugu. Siku ya pili jioni aliwaona wasichana wanarudi kutoka Mikelenge na tope mpaka magotini, viatu mkononi. Kesho yake alfajiri alileta bote mpya kumi na nane, nyeusi, zinanukia duka. Rehema mwenyewe ndiye aliyezipokea. Alihesabu pea moja moja, akatia sahihi, akaenda zake kusahihisha mitihani. Mtoto wa Kindu, aliyekuwa na sababu kuliko watu wote za kusimama na kutazama. Hakutazama.

Matokeo yalipokuja, Kabasele alikuwa na sabini na moja kwa mia.

"Sabini na moja, ndugu yangu!" Florentin alisema, anasugua mikono. "Hata Kinshasa hawatakuwa na kazi ya kufikiri. Andika tu."

Rehema hakuandika. Alizitandaza karatasi mezani, akazipanga kwa tarehe. Siku mbili za kwanza, nyumba mia mbili: Kabasele hamsini na mbili, Lukusa arobaini na moja, Misenga thelathini na moja. Waliosema "sijui" ni sabini na sita. Siku nne zilizofuata, nyumba mia nne: Kabasele mia tatu sabini na nne. Lukusa na Misenga waligawana makombo. Na safu ya wasiojua ilikuwa tupu. Alipitisha kidole toka juu hadi chini. Hapakuwa na alama hata moja. Watu mia nne, katika mji ambao hata imamu na padri husema Mungu ndiye ajuaye, na hakuna mmoja asiyejua.

Akamwita Elodie.

"Siku ya tatu mulibadilisha nini?"

"Hakuna, mwalimu. Maswali njo yale yale."

"Fikiri."

"Labda mabote." Elodie alicheka. "Lakini ilitusaidia sana! Siku za kwanza watu walikuwa wanatutukana. Mama mumoja alinimwangia maji ya sombe, yale majani ya muhogo. Tangu tuvae bote, wote wapole. Wanatupa viti. Wazee wanasimama."

"Wazee wanasimamia wewe?"

"Njo vile. Na kazi ilikimbia. Nilikuwa ninasema 'Kabasele' tu, mbele sijamaliza orodha, mutu anapiga mikono: 'Huyo! Huyo njo wetu!'"

Orodha ilikuwa imepangwa kwa herufi. Kabasele alitangulia.

Rehema aliinuka. Alivaa malapa yake, akashuka Mikelenge kwa miguu hadi nyumba ya kwanza ya siku ya tatu. Palikaa mwanamke mmoja mzee, mama Josiane, anayechambua mpunga kwenye ungo. Hakumkaribisha kiti.

"Mama, juma lililopita uliulizwa unataka nani awe mgombea. Ulisema Kabasele."

"Nani huyo?"

"Yule uliyemtaja."

"Mimi nilimutaja kwa sababu wao walimutaja." Mzee alipuliza makapi yakamwangukia Rehema miguuni, na mzee akayafuata kwa macho. "Malapa. Hii njo mupya. Weye unatumwa na nani?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi ni Rehema, wa hapa hapa. Binti wa yule mzee wa reli."

"A-a! Ule wa redio." Ungo ukasimama. "Basi sikia, wa redio. Mimi nilizika watoto wawili katika mji huu kwa sababu ya majibu. Mutu akija na bote ndani ya lupango yangu, uani kwangu, nitamuambia hata kwamba mbuzi ndiye raisi. Mulitaka tuseme nini?"

"Ukweli, mama."

"Ukweli!" Mzee akaita upande wa jirani, "Mwakuja musikie, iko mutu hapa anatafuta ukweli!" Kicheko kikajibu nyuma ya ua. Kisha akasema bila kucheka, "Toka kwangu. Na wale watoto wako, wasirudi."

Alikwenda nyumba nyingine tisa. Katika tano alifungiwa mlango. Katika nne alisikia lile lile kwa maneno mengine. Katika moja ya hizo nne mtu mzima wa makamo yake, aliyesoma naye, alimwambia, "Kumbe weye njo ulituma wale? Weye, Rehema? Na wakati wa vita ulikuwa hapa!" Akatema mate kando, si mbali na mguu wake.

Siku ya kutia sahihi ilikuwa Alhamisi asubuhi, katika ukumbi wenye bati la moto na viti vya kukodi. Mtu wa Lukusa hakuja, alikwisha kukata tamaa. Paul, msemaji wa Kabasele mkoani, alikuja na wafuasi arobaini. Aimé, msemaji wa Misenga, alikuja na wachache zaidi, wenye sauti zaidi. Ukurasa ulikuwa umechapwa tayari na mkono usiojulikana: Maniema yote iko nyuma ya Kabasele. Chini yake mstari mmoja mtupu na jina la Rehema.

Alisimama, akasema kwamba hatatia sahihi. Akaeleza safu ya wasiojua, siku ya tatu, bote, na jina linalotangulia. Alieleza vizuri, kwa ile sauti yake ya hukumu, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo ukumbi ulivyomchukia.

"Mwalimu Kavu!" mtu alipiga kelele. "Nenda ufundishe kujumlisha!"

Paul aliinuka polepole. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu nyingi. "Mama Rehema, kwa heshima. Watu walisema Kabasele, ao hawakusema?"

"Walisema."

"Nani aliwashikia kisu?"

"Hakuna."

"Basi!" Akageukia wafuasi wake. "Vita imekwisha miaka ishirini. Huyu mama anatuambia watu wa Kindu ni wajinga, wanaogopa viatu!" Ukumbi ukaunguruma. "Anatutukana wazazi wetu! Sema, nani alikutuma?"

"Mimi ninasema nani alituma!" Aimé alirukia, kidole hewani. "Paul njo alituma zile bote! Mwalimu anajua, anaogopa tu. Mwalimu, usiogope, sema! Sema ni wizi, Kinshasa wamufute Kabasele leo leo. Sisi tutakulinda."

Sasa Rehema aliona kwamba milango ilikuwa miwili na yote ilifungukia uongoni. Akitia sahihi, mkoa unakwenda kwa mtu ambaye mama Josiane hamjui hata kwa sura. Akisema wizi, mtu asiyeiba atafutwa, na wafuasi wa Aimé watambeba yeye juu juu kama shujaa. Na akikataa yote mawili, hakuna redio itakayomwita tena. Mji hautanyamaza tena kumsikiliza. Lile jambo moja alilokuwa nalo litakwisha hapa, chini ya bati hili, mbele ya watu hawa wanaonuka jasho na ushindi.

"Paul hakutuma bote," alisema. "Zilinunuliwa kwa sababu ya tope. Nilizipokea mimi. Risiti iko na sahihi yangu."

Kwa mara ya kwanza kambi mbili zilipatana. Zote zilimzomea. Aimé alimwita nyoka. Mwanamke wa upande wa Paul alitupa ganda la ndizi likampiga begani, na hakuna aliyemkemea. Mtu wa nyuma, asiyeonekana, aliuliza kwa furaha, "Kwa hiyo mwalimu ndiye alifeli mutihani?" na kicheko kilipanda hadi kwenye bati, kikashuka, kikapanda tena.

Florentin alikuja karibu naye, uso umemvimba kwa aibu. Simu ilikuwa ikitetemeka mkononi mwake.

"Ndugu yangu Rehema, ni Kinshasa. Wanataka neno. Mikoa mingine yote imekwisha kutuma. Tia tu, nakuomba. Nani atajua?" Alipoona hatii, akanong'ona kwa hasira ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, "Basi niwaambie nini? Niambie! Niwaambie watu wanadanganya? Niwaambie Paul ni mwizi? Mimi nitawaambia nini?"

Zomeo lilipungua. Si kwa heshima, walitaka tu kumsikia akianguka. Rehema alichukua ule ukurasa, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya rundo la karatasi za siku ya tatu. Aliinamia simu ya Florentin, kana kwamba ndani yake kulikuwa na mgonjwa amelala, na sauti yake ya hukumu haikuwepo.

"Muwaambie niliuliza vibaya."