Kopo Lililorudi Tupu

Mmenichosha. Kila anayepita mlangoni kwangu, "Bibi, tupe ile ya mkweo na kopo," kana kwamba mimi ni redio, unabonyeza tu nalia. Kuandika kwenyewe ni mateso, kalamu inanitoroka vidoleni. Lakini kuna jirani anaisimulia vibaya, eti mjukuu wangu wa kiume alikuwa mlafi. Mlafi ni yeye. Basi naandika mwenyewe, na mwenye kubisha aje.

Mke wa mwanangu ni dobi wa hospitali. Si wa kufua tu. Yeye ndiye anayepiga pasi nguo za chumba cha upasuaji, zile za kijani, na daktari mkubwa akipewa iliyopigwa na mwingine anaijua hata kabla ya kuivaa. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi. Mumewe ni dereva wa lori, wiki tatu barabarani, moja nyumbani. Watoto ni wawili, msichana wa darasa la nne na mdogo wake wa darasa la kwanza. Bibi yao, ndiye mimi, analala chumba cha nyuma, na goti lake haliamki kabla ya jua kupanda. Kwa hiyo asubuhi msichana humwamsha mdogo wake, humvalisha, huchukua kopo kwenye friji, wanaondoka wakila njiani.

Hilo kopo mama yao alilihangaikia. Alianza na mkate wa kupaka siagi, ukafika umenyauka. Akajaribu uji kwenye chupa ya chai, mdogo akalinywesha shati lake. Mwisho akabuni mayai ya vikombe. Jioni anapiga mayai, anatia karoti ya kukwaruza, kitunguu, na kiazi kilichochemshwa kikapondwa. Anamimina kwenye vikombe vya chai vilivyopakwa mafuta, anavipanga ndani ya sufuria yenye maji kidogo, anafunika. Yakishika anayapindua, yanatoka mazima kama vifuniko. Yakipoa, vinne kwenye kopo, kopo kwenye friji. Asubuhi mtoto anashika kwa mkono, hadondoshi, hachafuki. Mwanamke huyo ana akili, hata mimi nasema, nami sisemi hovyo.

Sasa siku moja ikaja barua ya mwalimu. Msichana anasinzia kila kipindi cha pili, na jana ameteleza kwenye benchi akaanguka. "Mtoto huyu anakuja shule na njaa."

Mkwe akaisoma mara tatu, amesimama, mkoba bado begani. Mumewe akapiga simu jioni ile ile.

"Acha kazi," akasema. "Mtoto wa baba na mama wenye kazi anazimia njaa? Watu watatuelewaje?"

"Nipe wiki mbili nijue kuna nini."

"Moja. Ikiisha, rudisha sare ya hospitali."

Mwingine angelia, au angemchapa mtoto. Yeye ni mtu wa madoa. Doa, anasema, usilimwagie maji ya moto kabla hujalijua. Likiwa la damu, maji ya moto ndiyo umelipiga muhuri. Unalinusa, unalikwaruza na ukucha, unalitazama kwenye mwanga. Akaanza kunusa.

"Asubuhi ulikula?" akamuuliza binti.

"Kopo lilikuwa tupu, Mama."

Akalala na jibu hilo. Mtoto huyo hasemi uongo, lakini ameulizwa habari za tumbo, amejibu habari za kopo. Kwa nini?

Akaongeza, vikombe vinne vikawa sita. Kopo likarudi tupu, limepanguswa, linang'aa. Binti akasinzia vilevile. Na jambo jipya likatokea: mdogo akaanza kukataa chakula cha jioni. Anakaa, anashika tumbo, anasukuma sahani. Mkwe akamtazama huyu, akamtazama yule. Mwenye njaa anasinzia, na asiye na njaa anaumwa.

Kazini ana mwenzake wanayemwita Wanga, kwa sababu nguo zote anazofua huzitia wanga mwingi, zinakauka kama ubao.

"Shoga, hapo kuna mwizi njiani," Wanga akasema.

"Mwizi gani anakupangusia kopo, Wanga?"

"Mstaarabu!"

"Nishikie zamu kesho, nikamwone huyo mstaarabu."

Kesho yake aliwatangulia watoto njiani, akajibanza nyuma ya rundo la matofali, pale panapojengwa nyumba isiyoisha. Hapo ndipo walipozoea kusimama. Msichana akafungua kopo, akampa mdogo wake kimoja. Akala. Cha pili, akala. Cha tatu akala polepole.

"Umeshiba?"

Mdogo akachungulia kopo. Akatikisa kichwa, bado. Akapewa cha nne. Machozi yalikuwa yanamtoka. Cha tano alikitafuna kama mtu anayetafuna kamba. Cha sita alikisukuma mdomoni kwa kidole.

"Sasa nimeshiba," akasema, akacheua.

Dada yake akakusanya chembe zilizobaki kwa ncha ya kidole, akazilamba, akapangusa kopo kwa pindo la sketi.

"Nyie!" Mama akatoka.

"Mama! Si uko kazini?"

"Niko kazini hapa hapa. Wewe, kwa nini huli?"

"Bibi alisema mkubwa haonji mpaka mdogo aseme ameshiba."

"Na wewe, kwa nini husemi umeshiba?"

Mdogo akaanza kulia kweli. "Baba alisema mwanamume hasemi ameshiba chombo kikiwa na kitu! Tumbo linaniuma kila siku, Mama. Nasukuma tu."

Mkwe akakaa juu ya matofali, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akawakumbatia wote wawili. Nyumbani kila mtu ana sahani yake, mdogo anamaliza yake, anasema ameshiba, mkubwa anaanza. Kopo lilikuwa moja. Na yeye mwenyewe, kwa mapenzi, alikuwa anaongeza vikombe kumtesa mmoja bila kumshibisha mwingine.

Jioni akanunua kopo la pili. Vitatu huku, vitatu kule. Kesho yake la msichana likarudi limejaa. Mdogo ni mvivu wa kutafuna, na sasa kopo ni lake peke yake, hana haraka; kengele ikagonga bado anacho mdomoni, dada yake anamsubiri, na darasani hawaruhusiwi kula. Zikabaki siku mbili.

Ndipo akaja kwangu chumba cha nyuma.

"Mama, ondoa ile sheria."

"Ipi?"

"Unaijua."

"Nimelea saba kwa sheria hiyo, hakuna aliyezimia."

"Walikula wamekaa, Mama. Hawa wanakula wanakimbia."

"Wakimbie taratibu."

"Mimi nikimwambia ale, hali. Anasema Bibi hajasema. Ukaidi huo sijui kautoa wapi."

"Kwa baba yake," nikamwambia. "Unajua sheria ile niliitunga kwa sababu ya nani? Mumeo! Alikuwa anawafagilia wadogo zake sahani zote."

Akacheka, lakini hakuondoka. Akasema nisimwamini yeye, nikaone.

Basi siku ya saba bibi huyu aliamka na goti lake, akatembea mpaka kwenye matofali, akishika ukuta. Nikakaa. Nikamwona mjukuu wangu amekumbatia kopo lake, mkono juu ya mfuniko, anameza mate na kumtazama mdogo wake akitafuna. Hakuchungulia hata mara moja. Nimeona watu wazima wengi wasioweza hivyo.

"Fungua ule," nikasema.

"Mdogo bado, Bibi."

"Mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye ninayesema. Nyumbani ni vile vile. Njiani kila mtu na chake."

Akanitazama kuona kama ninamjaribu. Kisha akala viwili bila kupumua, na cha tatu akakila taratibu, akitembea. Mdogo akabakiza nusu, akanipa mimi. Baba yake alipopiga simu jioni, mkwe alimwambia sare harudishi, na kwamba yeye baba naye ana sheria yake, ile ya mwanamume na chombo, aje aifute mwenyewe.

Sasa wewe uliyesoma bure, zamu yako. Kesho usimuulize mtoto wako kama kopo ni tupu. Muulize alichokila yeye, alisimama wapi, na nani alianza. Kisha uniandikie alivyojibu, kwa herufi kubwa, na usinifiche kitu.