Mke wa Rais Kwenye Benchi la Kituo

Mke wa rais huja kwa miguu kwenye kituo chetu cha polisi, walinzi wakimfuata kama watu waliopotea njia. Huketi benchini na akina mama wanaotafuta watoto wao, akifuta miwani kwa ncha ya mtandio. Haongei kwa sauti; ukimjibu ovyo, hukuuliza tena swali lilelile, polepole. Jana alitaka kumwona mwalimu tuliyemkamata kwenye maandamano. Mkuu wetu alijikohoza.

“Mama, amri imetoka kwa mzee mwenyewe.”

“Najua, mwanangu. Nimemuuliza asubuhi tukinywa chai, akanyamaza. Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Mkuu alinitazama; mimi nikatazama dari. Kisha akanisukumia funguo za mahabusu.

“Mimi nimetoka,” akasema, akiwa bado kitini.