Jina la Mdhamini

Binamu yangu Fardowsa huonja sukari kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Magunia hamsini yakishushwa, atafungua moja la katikati, achovye kidole, aonje, kisha amwangalie dereva usoni kama polisi wa barabarani. Ana miaka thelathini na moja, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza akiandika vitabu vya hesabu vya duka la baba yangu, Ahmed, duka la jumla hapa mjini Eldoret. Tunauza sukari, mchele, unga na mafuta. Mimi, Ilham, nakaa kaunta. Nampenda Fardowsa, lakini ukiishi na mtu wa kushuku hivyo, hata chai uliyojipikia mwenyewe unaanza kuitazama mara mbili.

Alikuwa amesoma diploma ya biashara kwa masomo ya jioni, kwenye chuo kimoja cha mjini, na alikuwa karibu kumaliza. Likabaki somo moja tu, uhasibu wa fedha, na hilo lilifundishwa asubuhi peke yake, mwaka mzima. Asubuhi ndiyo malori hushusha mzigo. Baba alimwambia waziwazi, "Jioni nimekupa. Asubuhi sina." Basi njia ikabaki moja. Chuo kilimruhusu mtu mwenye uzoefu wa kazi kufanya mtihani mmoja wa somo hilo. Akipita, anahesabiwa amelisoma bila kuingia darasani. Akianguka, hakuna kurudia mtihani, ni darasani mwaka mzima kama wengine. Kwa Fardowsa, kuanguka kulikuwa na maana kwamba diploma imeishia hapo.

Hellen alikuwa kwenye hali ileile. Sisi tulimwita Mama Kipkirui, mkulima kutoka kijiji cha Ziwa nje ya mji, mama wa miaka arobaini na kitu, mweka hazina wa kikundi cha kina mama wa maziwa. Alikuwa mteja wetu wa unga na sukari. Ushirika wa maziwa wa kwao ulikuwa umemwahidi kazi ya karani mradi amalize diploma kabla ya mwaka kuisha, na yeye pia asubuhi hangeweza kuingia darasani, kwa sababu ng'ombe hawangojei mtu. Siku moja akiwa anafunga mzigo wake aliinua kichwa.

"Fardowsa, si tusome pamoja hii exam? Wewe umeandika vitabu miaka mingi. Mimi najua tu mambo ya maziwa."

Fardowsa akakubali huku akitabasamu kwa meno tu. Mama Kipkirui alipotoka, akanigeukia.

"Mbona mimi?"

"Kwa sababu unajua," nikamwambia.

"Ama kwa sababu anataka kujua nimejua nini."

Wakawa wanakutana mara tatu kwa wiki, baada ya swala ya alasiri, kwenye stoo yetu, katikati ya magunia. Mama Kipkirui hakuwahi kuja mikono mitupu. Leo mahindi ya kuchemsha, kesho maziwa lala kwenye chupa ya soda. Fardowsa alingoja mimi ninywe kwanza. Nilikunywa, nikamaliza nusu, nikampa akiwa bado ananichunguza kama nitaanguka.

Kisha Ondiek akaharibu kila kitu. Ondiek ana mashine ya fotokopi karibu na geti la chuo, na habari zake ni nyingi kuliko karatasi zake. Alimwambia Fardowsa kwamba chuo kinachukua watu kumi tu. "Hata mkipita hamsini, kumi tu ndio wanapewa lile somo. Wengine wanaambiwa wameanguka." Fardowsa hakumuuliza amesikia wapi. Mtu asiyeamini gunia lililofungwa kiwandani alimwamini Ondiek kwa dakika moja, akiwa amesimama, risiti ya shilingi ishirini mkononi. Mpaka leo hilo linaniudhi. Tangu siku hiyo hakumwona tena Mama Kipkirui kama mwenzake wa kusoma. Alimwona kama mtu aliyekalia kiti chake.

Wiki iliyofuata walifika kwenye swali ambalo sitalisahau. Nicholas, aliyeletwa dukani na Zachariah, amechukua bidhaa kwa mkopo, na Zachariah amemdhamini. Deni liandikwe kwa jina la nani?

Mama Kipkirui aliandika Nicholas.

Fardowsa akacheka. "Nicholas ni nani? Unamjua?"

"Si ndiye amebeba mali?"

"Kubeba hata punda anabeba. Andika Zachariah."

Hakuwa akimdanganya, hilo nataka lieleweke. Ndivyo tunavyofanya dukani kwetu. Baba hajawahi kuandika jina la mgeni kwenye kitabu cha mikopo. Ukija na hatukujui, sharti uletwe na mtu tunayemjua, na jina linaloingia kitabuni ni la aliyekuleta. Usipolipa, hatuna shida na wewe, tunamwita yeye, na yeye anajua atakupata wapi. Babu alifanya hivyo, baba akafanya hivyo, na Fardowsa alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na saba. Mama Kipkirui alilitazama lile swali kwa muda, akafuta Nicholas kwa kifutio, akaandika Zachariah kwa mwandiko wake wa polepole.

"Asante," akasema. "Hiyo singeijua."

Na mimi huku kaunta nikaitikia kwa kichwa, mjinga wa tatu.

Jumanne ya wiki ya mtihani, mwalimu wa somo, Bwana Mungai, alitoa saa moja kwa yeyote mwenye maswali. Mama Kipkirui hakuonekana. Fardowsa, kwa kuwa hata nafsi yake haiamini, akauliza lile swali la mdhamini, apate tu kuthibitisha. Bwana Mungai akatabasamu. Akasema watu wa maduka wote hukosea hapo. Mdaiwa ni aliyechukua bidhaa. Mdhamini haandikwi kama mdaiwa mpaka yule ashindwe kulipa na yeye aitwe alipe. Fardowsa aliuliza mara tatu, na mara tatu jibu likawa Nicholas. Aliniambia masikio yalimwaka moto kwa aibu, miaka kumi na minne ikimtazama.

Alitoka akiwa na nia ya kumpigia simu Mama Kipkirui. Alikuwa ameshaishika simu. Kwenye geti akamkuta Ondiek.

"Yule mwenzako wa Ziwa nimemwona sasa hivi akitoka ofisi ya mitihani," Ondiek akasema. "Na bahasha ya kaki. Ameificha kwa sweta."

Fardowsa akarudisha simu kwenye mkoba.

Alifika dukani akihema. "Bahasha, Ilham! Siku nne kabla ya mtihani, kutoka ofisi ya mitihani."

"Muulize ni ya nini."

"Nimuulize ili anidanganye?"

"Na ile ya Zachariah? Utamwambia?"

"Kama ana bahasha, majibu si atayapata humo."

Alhamisi Mama Kipkirui alipiga simu. Alisema hataweza kuja, ng'ombe wake anazaa na ndama amekaa vibaya. Kisha nikamsikia, kwa sababu Fardowsa huweka simu kwenye spika ili awe na shahidi, akiuliza, "Kuna kitu kimebaki tusome? Nisije nikaaibika."

Nilimtazama Fardowsa. Alikuwa ametazama ukuta.

"Hapana, Mama Kipkirui. Uko sawa tu."

"Haya, asante sana. Na Jumamosi usijisumbue kuja mapema, eh? Nitakungoja hapo mlangoni."

Simu ilipokatika, Fardowsa alipiga meza. "Umesikia? Anataka nichelewe! Na ng'ombe gani huzaa wiki ya mtihani?"

Nilikasirika. Nilimwambia ng'ombe hasomi ratiba ya chuo. Lakini namba ya Mama Kipkirui ninayo, iko kwenye simu ya duka, na sikumpigia. Nilijiambia si mambo yangu. Nayasema haya kwa sababu nimechoka kusimulia kana kwamba ni Fardowsa peke yake.

Jumamosi tulifika saa nzima mapema; nilimsindikiza. Foleni ya kadi za mtihani ilikuwa imezunguka jengo. Bila kadi huingii, na dirisha lilikuwa moja. Saa ilikuwa karibu kuisha na bado tulikuwa mbali nyuma, Fardowsa akitokwa na jasho katika baridi ya asubuhi ya Eldoret, Mama Kipkirui alipokuja mbio kutoka upande wa mlango, amevaa sweta yake, viatu vikiwa bado na tope la zizi.

"Fardowsa! Nilikwambia usijisumbue!" Akatoa bahasha ya kaki kutoka ndani ya sweta, na kutoka ndani ya bahasha, kadi mbili. "Nilikuchukulia yako Jumanne. Si fomu tulijaza pamoja, namba yako ninayo. Nikaona dukani hawatakuachilia upange foleni. Nikaificha isinyeshewe."

Fardowsa aliipokea kadi yake kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona amepauka vile. Nilimkanyaga mguu. Nikamkanyaga tena. Dakika kumi zilikuwa zimebaki, na neno lenyewe ni moja tu: Nicholas. Alifungua mdomo.

"Asante," akasema.

Baadaye aliniambia kilichomziba. Ili aliseme lile neno, ilibidi aseme pia amelijua tangu lini. Halafu bado alikuwa na wale watu kumi wa Ondiek kichwani. Msimamizi akaita, wakaingia, wamefuatana.

Swali lilikuja. Lilikuwa la nne, alama kumi.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Walifanya mtihani watu thelathini na mmoja, wakapita ishirini na watatu. Alama ya kupita ilikuwa hamsini, na habari ya watu kumi haikuandikwa popote. Ondiek alipoulizwa alisema yeye pia aliambiwa na mtu. Fardowsa alipata sitini na moja. Mama Kipkirui alipata arobaini na nne. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Mama Kipkirui alikuja dukani Jumatatu iliyofuata. Tulimwona akivuka barabara, na Fardowsa akajifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka ikawa hakuna kitu kinachoweza kutafutwa muda huo wote. Mama Kipkirui alimkumbatia hivyo hivyo, kalamu ikiwa katikati yao.

"Hongera, mama! Aki nimefurahi. Angalau mmoja wetu."

"Na kazi ya ushirika?" nikauliza, kwa sababu mtu ilibidi aongee.

"Wamempa mwingine. Si walisema mwaka huu?" Alilipia unga wake, akahesabu chenji polepole. Kisha akacheka. "Nilienda kwa Mungai anionyeshe nilipoanguka. Ni ile ya Zachariah! Ati jibu ni Nicholas. Sifuri kwa kumi. Nikasema pole kwa Fardowsa pia, tumeingia shimo moja."

Fardowsa angeweza kunyamaza. Mama Kipkirui alikuwa ameshaushika unga wake, amebakiza kuaga, na hakuna mtu duniani angejua. Mimi nilikuwa nimeanza kuomba anyamaze. Fardowsa aliweka kalamu chini.

"Mimi niliandika Nicholas."

Mama Kipkirui aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Ulijua?"

"Jumanne. Mwalimu aliniambia."

"Jumanne ile nilienda kuchukua kadi?"

"Ndiyo."

"Na Alhamisi nikakupigia."

"Ndiyo, Mama Kipkirui."

Mama Kipkirui aliuweka unga juu ya kaunta. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli, "Nilikukosea nini, Fardowsa?"

Fardowsa alitafuta. Nilimwona akitafuta, macho yakienda huku na huku, mtu ambaye kwa kila gunia na kila dereva ana sababu tatu za kumshuku.

"Hakuna," akasema. "Hukunikosea kitu."

"Heri ungekuwa na sababu," Mama Kipkirui akasema. Akauinua unga wake, akatoka.

Baba aliuliza kutoka stoo kama huyo mteja amelipa. Nikamwambia amelipa.